Bata Mzinga wa Karatasi

Sogea karibu kidogo unisikilize, na ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka sana siku ile. Niliwahi kwenda kuwinda bata mzinga katika msitu wa Stockholm, kwa upinde na mishale, nikiwa nimevaa sweta mbili na viatu vya mpira. Bata mzinga mwenyewe alikuwa wa karatasi. Usiniache kwa sababu hiyo. Moyo ulinidunda kana kwamba nafuata nyayo za simba.

Kwanza nikueleze mambo yalivyokuwa. Sheria ya Sweden haikuruhusu mtu kuwinda mnyama kwa upinde. Kwa hiyo wapenzi wa upinde walikuwa na njia yao: walichukua picha kubwa za wanyama, wakazibandika kwenye marobota ya majani makavu, wakayatawanya msituni, moja nyuma ya mwamba, jingine bondeni, jingine ng'ambo ya kijito. Unatembea kutoka picha hadi picha, ukipiga. Zilikuwa kumi na nne. Juu ya kila mnyama ulichorwa mstari uliozunguka moyo na mapafu, mwembamba kiasi kwamba ukiwa mbali huuoni. Ilikubidi ujue mwenyewe uhai wa mnyama unakaa wapi.

Mbele ya kila picha kulikuwa na vigingi vitatu. Mshale wa kwanza unaupiga ukiwa kwenye kigingi cha mbali. Ukikosa kabisa, unasogea cha pili. Ukikosa tena, cha tatu. Lakini ukimgusa mnyama popote, hapo hapo umemaliza naye, hata kama umempiga mkiani. Shika sana jambo hili, maana ndilo lililonitoa jasho: kukosa kulikuwa afadhali kuliko kujeruhi.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa imeshafika Norsborg, na mimi nilipanga chumba huko, nikisomea kazi ya maabara katika hospitali moja ya mjini. Aliyenipeleka kwenye klabu ya upinde alikuwa rafiki yangu Mkenya, Mkamba, mwanafunzi wa uhandisi aliyekaa Rinkeby. Wenyeji walipotuona tunaingia, Mtanzania na Mkenya, walifurahi mno, wakasogeza viti watutazame. Walidhani tumekuja kuwafundisha. Mimi nilikuwa sijawahi kushika upinde maishani mwangu.

Basi nikajifunza. Majira yote ya baridi tulipiga ndani ya ghala chini ya shule moja, tukilenga miduara iliyochorwa ukutani kwenye mbao laini. Kwenda msituni kulihitaji kibali, na kibali kilipatikana kwa mtihani mmoja tu, Jumapili moja ya mwezi wa Mei: uwapige wanyama saba kati ya kumi na wanne ndani ya ule mstari. Masomo yangu yalikuwa yanaisha Juni, na tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa tayari. Nikishindwa, ningerudi Iringa nikiwa nimewinda ukuta wa ghala peke yake. Nilitamani msitu ule mpaka nikauota.

Jumapili ilipofika nilitoka na upinde nimeuviringisha kwenye shuka. Mama mmoja mlangoni, akidhani nimebeba fimbo ya kuvulia, akaniuliza kama samaki wameanza kupatikana. Nikamjibu kwamba bado, lakini natumaini.

Aliyetusimamia, mimi na rafiki yangu ambaye naye alikuwa bado hana kibali, alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya posta, mwenye kofia nyekundu na chupa ya kahawa begani. Waswidi wakati ule walikuwa wameshazoea kuitana kwa majina matupu, mkubwa na mdogo, na yeye aliniomba nimwite hivyo. Ulimi ulikataa. Nikamwita mwalimu tu.

Kwenye picha ya kwanza, mbweha, nilifanya kosa ambalo nadhani Mswidi yeyote asingelifanya. Nilisimama kando ya kigingi nikamngoja mwalimu. Kwetu mkubwa ndiye anayeanza. Mimi nitangulieje mbele ya mzee? Naye mwalimu, kwa kuwa zamu ya kwanza ilikuwa yangu, alisimama akiningoja mimi. Tukangojana. Ndege wakaimba, wakanyamaza, wakaanza tena.

"Dada," rafiki yangu akaninong'oneza, "huyo mbweha atazeeka."

"Namngoja mwalimu aanze."

"Mwalimu hana hata upinde!"

Kweli, alikuwa na penseli na kadi. Nikapiga kwa aibu, na mshale ukaingia ndani ya mstari. Mwalimu akaandika kwenye kadi. Wakati wa mtihani hakuruhusiwa kutusaidia kwa lolote, hata kwa neno.

Tukaenda hivyo, mwamba kwa mwamba, nami nikazidi kuchangamka. Swala wa kule nilimpata. Sungura nilimjeruhi sikio. Dubu alikuwa mkubwa kama kabati, na bado nikamkosa mara tatu, rafiki yangu akajipiga paja kwa kicheko. Tulipomaliza picha ya kumi na tatu, yeye alikuwa na saba, amefaulu. Mimi nilikuwa na sita.

Tukakata kona penye miti yenye magome meupe, nami nikasimama ghafla. Bata mzinga! Dume, limetanua mkia, limejaza kifua, mabawa yanaburuta chini, lile pambo jekundu linaning'inia usoni. Picha ile ilikuwa imetoka Amerika, na wanaklabu wengi hawakuwahi kumwona ndege yule akiwa hai. Mimi nilikua naye. Mama yangu mkubwa alifuga bata mzinga, na mimi ndiye niliyewalisha, nikawafungia bandani, na kila Krismasi nikawanyonyoa. Kabla sijajizuia nilimwita kama nilivyowaita wale wa nyumbani, glu-glu-glu-glu, kwa sauti ya juu.

"Dada, hiyo ni karatasi," akasema rafiki yangu. "Haitakuitikia."

"Piga wewe kwanza, bwana mkubwa."

"Tazama basi. Sisi Wakamba tumezaliwa na upinde mkononi."

"Wewe umezaliwa Nairobi, hospitalini."

Akavuta, akaachia, na mshale ukakita katikati kabisa ya ndege. Akanyanyua mikono juu. Tukasogea kutazama, na mikono ikashuka yenyewe. Mshale ulikuwa nje ya mstari, juu na nyuma, kwenye manyoya. Jeraha tu.

"Haiwezekani," akasema. "Katikati ni katikati!"

Mimi niligeuza macho upesi. Nilitaka kulenga kwa akili yangu mwenyewe, siyo kwa kuibia mstari. Tukarudi kwenye kigingi cha mbali, na hapo nikajua kwa nini amekosa. Sijui kama wewe umewahi kunyonyoa bata mzinga. Unamwagia maji ya moto, unaanza kung'oa, na yule bwana mkubwa aliyekuwa akitisha watoto uani anapungua mikononi mwako, anapungua, mpaka unabaki na kijimwili chembamba unachoweza kukikumbatia kwa mkono mmoja. Dume likijitanua, karibu nusu ya unachokiona ni majivuno. Mwili wenyewe uko chini, na mbele. Nikajiambia: anza kwenye mguu, panda polepole, mpaka pale bawa linapoota. Hapo.

Nikapachika mshale, nikavuta. Nilijua kabisa pa kulenga, na kule kujua ndiko kulikoniponza. Nilitaka sana kuona! Nikaachia na papo hapo nikashusha upinde ili nishuhudie mshale unavyokwenda. Mkono ukashuka, na mshale nao ukashuka. Ulipita katikati ya miguu ya ndege ukazama kwenye majani makavu.

"Umemtekenya!" rafiki yangu akapiga kelele.

Mwalimu akachungulia kwa darubini yake ndogo, akatikisa kichwa. Hakuna unyoya ulioguswa. Nilikuwa nimekosa kabisa, na sijawahi kufurahia kukosa kama siku ile, kwa sababu nilibakiwa na kigingi cha pili.

Nilisogea kwenye kigingi hicho. Rafiki yangu alinifuata, na safari hii hakutania. "Dada, sikiliza," akasema taratibu. "Mkono wako wa kushoto. Uuache juu. Usitazame kitu."

"Nitajuaje kama nimepata?"

"Una masikio."

Nikasimama. Nikavuta mpaka kidole kikagusa pembe ya mdomo. Mguu. Juu ya mguu, paja lililojificha. Juu ya paja, bawa linapoota. Nikaachia, na mkono wangu wa kushoto nikauacha pale pale hewani kama umetundikwa. Sikuona chochote. Nikasikia: pu!

Nilikimbia. Ndiyo, mbele ya mzee, na viatu vyangu vya mpira, nikaruka mzizi nikafika wa kwanza. Mshale ulikuwa umesimama ndani ya mstari, vidole viwili kutoka ukingoni. Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka kituo cha treni. Rafiki yangu alinishika mabega akanizungusha, kofia ya mwalimu ikaanguka, na mwalimu akaiacha chini kwanza ili aandike.

"Saba," akasema. Halafu, mtihani ukiwa umekwisha na ruhusa ya kusema imerudi, akaniuliza, "Lakini nani alikufundisha kulenga hapo? Wote hupiga katikati. Mimi pia."

"Mama yangu mkubwa."

"Alikuwa mwindaji?"

"Hapana, mwalimu. Alikuwa na sufuria kubwa ya maji ya moto."

Akanitazama, akatazama yule ndege, kisha akaniomba nimwonyeshe kwa kidole mwili unapoanzia na unapoishia. Nikamwonyesha, nikiupapasa kwenye karatasi, naye akasikiliza kama mwanafunzi. Kabla ya tiketi yangu ya Juni nilipata Jumapili nne msituni, na sikuikosa hata moja. Moja mvua ilinyesha mpaka manyoya ya mishale yakalala, nami nikapiga tu.

Na wewe ukija kushika upinde, hata uwe mara yako ya kwanza, usiogope, utaweza. Simama vizuri, vuta mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, achia, kisha uache mkono ulioshika upinde pale pale ulipo mpaka usikie mshale umegota.