Kadi Iliyofungwa Kwenye Chombo cha Mama

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na sitaki mtu aniambie yaliyopita si ndwele.

Mama yangu alisuka chombo kile cha maziwa kwa nyuzi za mizizi kabla sijazaliwa, akazikaza hata tone halipenyi. Nilikuja nacho Garsen nilipoolewa, maana kwetu wafugaji bibi harusi haendi kwa mume bila chombo cha maziwa alichosuka mama yake. Jikoni kwangu yamepita majagi ya plastiki, mitungi ya manjano, masufuria ya kila saizi, lakini chombo kile hakikutoka kigingini. Hakijui maji wala sabuni. Kinasafishwa kwa moshi: unatia kijinga cha moto ndani, unafunika, unatikisa, unapangusa majivu, ndipo unatia maziwa.

Binti yangu alikuwa anaolewa Ijumaa, kwenda Nanighi, na chombo kilikuwa chake. Mama haoni tena, vidole vimepinda, hawezi kusuka kingine. Na mimi sikujifunza. Kila aliponiita nikae anifundishe nilikuwa na shule, halafu duka, halafu uvivu mtupu.

Sasa mume wangu anapenda mno kusifiwa na wageni. Watu wa maonyesho ya utamaduni walipita mtaani wakitafuta vyombo vya zamani, mimi niko sokoni. Akakitungua akawapa, ati kwa siku tatu tu. Maziwa ya asubuhi yalikuwa bado yamo; akayamimina kwenye jagi.

Kilirudi Jumatano kinang'aa. Walikuwa wamekisugua kwa sabuni ya unga, wakakipaka vanishi ndani na nje. Shingoni wamekifunga kadi.

"Si wamekitengeneza vizuri?" mume wangu akasema.

"Kitie maziwa basi, unywe wewe wa kwanza."

"Mama watoto, maji yakimwagika hayazoleki."

"Aliyeyamwaga asinisomee methali."

Siku hiyo hakula kwangu. Nilikifukiza mara nne, kikatoa harufu ya duka la rangi. Nilimchukia yeye, nikawachukia wale watu na brashi zao, na zaidi nikaichukia mikono yangu isiyojua kitu. Alhamisi mimi na binti tukampelekea Mama, labda yeye anajua dawa.

Mama akaingiza pua ndani, akaitoa upesi. "Hiki cha nani? Kirudisheni kwa wenyewe."

Vidole vyake vikazunguka ukingo, vikafika penye kiraka alichokisuka mwenyewe mwaka wa ukame, vikasimama hapo. Binti yangu akageuza uso.

"Na huyu kesho ataenda na nini?" Mama akauliza.

Vidole vikashuka shingoni, vikaikuta kadi.

"Kuna karatasi hapa. Wameandika nini?"

Nilitaka kumdanganya, wallahi nilitaka. Nikamsomea: "Chombo cha kale cha maziwa. Siku hizi hakitumiki tena."

Kisha Mama akaipapasa mikono yangu, akakiweka humo.

"Warudishieni," akasema. "Ni chao."