Dole la Bi Marta

Cheka ukitaka. Hata mimi, msomi wa chuo kikuu, ningemcheka mwenzangu. Lakini haya yalinikuta mwenyewe, saa tisa alasiri, jua likiwaka, ofisini Kibaha.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilitumwa Marui kuandikisha wakulima. Kila mmoja alichovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza daftarini penye hesabu ya mikorosho aliyoiacha shamba la zamani, ili ibaki yake. Bi Marta akabonyeza. Likatoka doa tupu, halina mstari hata mmoja. Alikuwa amebangua korosho maisha yake yote, na mafuta ya maganda yamemla ngozi.

"Rudia, mama."

"Hata ukinibonyeza kichwa, mwanangu, ni hayohayo."

Watu wakacheka. Gari lilikuwa linanisubiri. Alipogeuka, nikabonyeza dole langu mimi. Niamini, niliona nimemsaidia. Si nilisomea utawala?

Mwaka uliofuata mpwa wake akaidai mikorosho. Wakubwa wakamwambia Bi Marta abonyeze tena: doa tupu, na daftarini mistari imejaa. Wakamwita mwongo, mpwa akapewa miti. Nilikuwepo. Ningesema, ningefukuzwa kazi. Nikajifanya natafuta kalamu. Masika hayo tukapata habari amezikwa.

Sasa nani aliyeingia ofisini siku ile? Nilikuwa nimeinamia mafaili, nikaona kanga, nikaamkia kabla ya kuinua uso.

"Marahaba. Nipe wino, karani."

Alikuwa Bi Marta. Akabonyeza kwenye karatasi yangu safi. Ikatoka mistari kamili, na kovu katikati. Kovu langu, nililojikata na panga utotoni.

"Lako hilo, nimekurudishia. Binti yangu yuko Marui. Kamwambie."

Nilipopepesa macho hayupo, na wino haujakauka.

Nilikwenda, ndiyo. Nilifika mpaka uani kwa binti yake. Akanikaribisha mkeka, akanikaangia korosho. Nikala, nikasifu, nikaaga. Karatasi nikaichoma.

Tangu hapo kila asubuhi naamka dole lina wino. Nalisugua kwa mafuta ya taa, linatakata, kesho liko vilevile. Mke wangu anadhani ni bidii ya uandishi. Na yule binti mpaka leo anaokota korosho kwa kibarua, chini ya miti ya mama yake.

Kama nawe umewahi kumbonyezea mtu dole, nenda kaseme angali hai. Na ukifika, sema ukiwa umesimama. Ukishakaa ukala, husemi tena.