Alama ya Moto Kwenye Shaba Njano

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani ndogo, kalipa ya kupimia unene, na koti jeupe lililonivuka magoti. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa nimemaliza uhandisi palepale Guangzhou, Uchina, kwa ufadhili wa serikali, na badala ya kurudi Dar es Salaam nikaajiriwa na mfanyabiashara wa Kizanzibari mwenye chumba cha ofisi kwenye jengo la Tianxiu Dasha. Sote tulimwita Haji. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mwanangu, mie natia sahihi mikataba. Weye utatia sahihi mali. Ukisema nzuri, inapakiwa." Cheo changu kilikuwa mkaguzi wa mizigo, na kwa kuwa Haji hakujua Kichina zaidi ya kupatana bei, nilikuwa pia mkalimani wake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwaka wa kwanza nilikagua viatu kule soko la Liuhua, kazi ya kuvuta soli na kunusa gundi. Kisha Haji akapata wateja wafugaji wa kuku wa Kibaha, akanihamishia kwenye vyuma. Kiwanda alichonipeleka kilikuwa nje kidogo ya mji. Zamani kilitengeneza maganda ya risasi za bunduki, na zama zilipobadilika kikageukia vikombe vya kunyweshea kuku. Mashine zilikuwa zilezile. Kipande cha shaba njano, ile mafundi wanayoiita brasi, kinasukumwa kwenye tundu mara tatu, kila mara kikirefuka na kuwa chembamba, mpaka kinakuwa ganda. Au kikombe, kutegemea mteja ni nani.

Mkuu wa karakana tulimwita Shifu, jina la heshima analopewa fundi mkubwa. Alikuwa amefanya kazi ya maganda miaka mingi kabla sijazaliwa. Alikunywa chai kwenye chupa ya jemu, alitafuna mbegu za alizeti siku nzima, na hakuwahi kunipandishia sauti. Nilimpenda mzee yule, na nampenda mpaka leo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua. Daraja la pili, la bei nafuu, lilitokana na shaba ya chakavu iliyoyeyushwa upya. Ukuta wa kikombe ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na mdomo umebaki na makali. Daraja la kwanza lilitoka kwenye shaba mpya, na ukipima vikombe kumi, vyote vinalingana. Nilipolidharau lile la pili, Shifu alicheka. "Hili si baya, binti. Limekuja tu na kazi ambayo hawakuimaliza. Ukiimaliza wewe, litakutumikia." Basi tukakaa kwenye benchi tukivipanga kwa uzito, tukivikata midomo ilingane na kuondoa makali kwa tupa. Kilichopishana uzito sana na wenzake tulikirudisha kikayeyushwe. Hata maganda, alisema, walikuwa wakiyapanga hivyohivyo.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya moto. Shaba ikisukumwa baridi inakuwa ngumu, na ndani yake unabaki mkazo usioonekana kwa macho. Kwa hiyo mdomo wa kikombe hupashwa moto kidogo ili utulie. Shifu alikuwa akiziba dirisha la pembe yake kwa gunia ili aione vizuri rangi ya shaba inavyobadilika. Moto ukipungua, umefanya kazi bure. Ukizidi, kikombe kinabonyea kwa vidole. Na kila kikombe kilichopashwa kilitoka na utepe wa kahawia na buluu mdomoni.

Utepe ule ndio ulioniponza. Haji alipoona sampuli ya daraja la kwanza alikunja sura. "Hichi kimeungua. Mteja wangu hununua kwa macho. Nikimpelekea kitu cha moshi atasema nimemuuzia mtumba." Sikumweleza kitu. Nilikuwa na digrii, nikaona nami kwamba alama ile ni uchafu. Nikaandika kwenye karatasi ya sampuli kwamba vikombe vyote vitoke viking'aa, bila kupashwa, nikatia sahihi. Shifu aliisoma taratibu. "Maganda yasiyopashwa yalikuwa yakipasuka ghalani yenyewe, hakuna aliyeyagusa," akasema. Nikamjibu kwamba kuku hawapigi risasi. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Vikombe vilikwenda Kibaha viking'aa kama vya bi harusi. Baada ya miezi michache ikaja faksi. Vimepasuka midomo, karibu vyote. Maji yamelowesha mabanda, na vifaranga wamekufa kwa baridi. Sikuhitaji kuambiwa sababu. Kinyesi cha kuku kina amonia, na amonia ikikuta shaba yenye ule mkazo ndani, huipasua. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni, nikafaulu mtihani wake.

Haji alinichukua mpaka kiwandani siku ileile. Laoban, yaani mwenye kiwanda, alimwita Shifu mbele yetu akamuuliza nani aliyeacha kupasha. Nilimwona Shifu akiugusa mfuko wake. Kisha akanitazama, mara moja tu, namna baba anavyomtazama mtoto aliyevunja kitu mbele ya wageni.

"Ni mimi," akasema. "Uzee. Nilisahau."

Haji akanigeukia. "Asemaje?"

Nikatafsiri. "Anasema ni yeye. Uzee. Alisahau."

Haji akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mkatili, "Basi mwambie bosi wake, mzee huyu akiwepo, mie sirudi hapa."

Sentensi hiyo ilinishinda kuitafsiri. Hatimaye nikasema kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili, kwamba karatasi iko mfukoni mwa Shifu na sahihi iliyomo ni yangu.

Haji hakunifukuza. Aliniacha kiwandani mwezi mzima, nikapasha vikombe vipya vya Kibaha kimoja kimoja nyuma ya lile gunia, Shifu akinisimamia na chai yake. Kila kimoja kilitoka na utepe wake, na Haji mwenyewe aliwapigia simu wafugaji kuwaeleza alama ile ni ya nini.

Nilifanya ukaguzi miaka mingi baadaye, chini ya mabosi wengine, na sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii hunijia na swali lilelile, kwamba daraja la pili linafaa au halifai, nami huwaonyesha mizani, tupa na moto, na kuwasimulia kisa hiki. Husema nilikuwa jasiri, nikamtetea mzee wa watu. Huwa nawasahihisha. Shifu aliposema "ni mimi" alikuwa anautoa ugali wake ili wangu ubaki, na maneno yake yale niliyatafsiri yote, bila kukosea hata moja, na sauti yangu haikutetemeka.