Hita ya Nini, Mikumi?

Mume wangu alianza kuhangaikia hita ya gari mwezi wa kumi na moja. Na sisi tunakaa Mikumi.

Anayeijua Mikumi mwezi huo ananielewa. Unaloweka khanga kwenye maji ndipo ujifunike ulale. Hita ya nini?

Naitwa Kulwa. Wakati huo nilikuwa nanyonyesha, Simoni wangu ana miezi miwili. Na gari lenyewe si la familia. Ni gari la kizamani la Kiingereza, lile la vijana wa zamani wa kujionyesha: fupi, turubai juu, viti viwili basi. Mzungu mmoja aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge alimwachia dereva wake, marehemu baba mkwe wangu. Cosmas, mume wangu, akalirithi.

Viti viwili. Nikaanza kujiuliza kile cha pili ni cha nani.

"Baba Simoni, hita ya nini na joto hili?"

"Nataka gari likamilike, Mama Simoni."

"Taa ya nyuma haiwaki mwaka wa tatu, mbona hiyo hukutaka ikamilike?"

Akacheka kidogo, akatoka kwenda kuliosha. Gari lilikuwa safi.

Hapo nikajua kuna kitu.

Siku mbili tatu baadaye nikamsikia anaongea na simu nyuma ya bafu. "Kule juu tu, ukishapita mlima wa Kitonga, baridi itamkamata. Bila hita hafiki." Akasikiliza. "Hapana. Kulwa asijue kabisa."

Asijue. Mimi, mke wa ndoa.

Nikapekua gari. Chini ya kiti nikakuta sweta. La kike, zito, rangi ya maruni, lebo bado inaning'inia. Nikalijaribu. Mabega hayaingii.

Kumbe ana mwembamba wake, na mimi uzazi umenitanua huku nalea mwanawe. Roho iliniuma, sisemi uongo.

Chakula kikawa hakipiti. Maziwa yakaanza kupungua. Simoni ananyonya, anaachia, analia.

Nikamweleza jirani yangu Upendo, anayeuza chapati stendi. Akanitazama kwa huruma. "Shoga, ana mtu huko Makambako kwenye baridi. Wanaume wa Mikumi wakianza kuongelea baridi, fungua macho."

Jumamosi Cosmas akaaga kwamba anakwenda Morogoro kutafuta spea. Haukupita muda, Upendo akanipigia simu.

"Gari lenu limekata kona ya Kilosa, Morogoro hakwenda."

Nikamfunga Simoni mgongoni, nikapanda Noah ya abiria ya kwenda Kilosa. Leo ni leo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, na nilikuwa nayo mengi.

Kilosa fundi anayeweza magari ya kizamani ni mmoja, Maduhu. Nikaenda moja kwa moja gereji kwake. Kabla sijaingia nikamsikia anaongea na mtu.

"Hita hii tuliiua sisi mafundi wenyewe. Huku kila gari likiingia tunaikata, mipira yake ya maji tunaiunganisha ipite pembeni. Nani angeihitaji? Haya, nimezibua kutu, mipira nimeirudisha. Washa."

Gari likawaka. Nikachungulia. Upande wa abiria kakaa mwanamke, kajifunika kitenge mpaka kichwani. Mwembamba kweli.

Nikashika mlango. "Wewe, shuka. Shuka tuonane."

Akageuka.

Ni mama yangu. Mama mzazi, niliyedhani yuko Kidete anapalilia mahindi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, mpaka nikamtambua kwa macho tu.

Kwenye usukani alikuwa mdogo wangu Malimi. Cosmas alisimama mbali, nyuma ya tangi la maji, ametugeuzia mgongo. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, sembuse kukaa naye bega kwa bega kwenye gari kama lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakuambia?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Malimi ndiye aliyeeleza. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua tangu masika, amepewa rufaa ya kwenda hospitali huko Njombe. Mara ya kwanza walipanda basi. Mama akakohoa, abiria wakanong'ona, wakalalamika, mpaka wakashushwa Iyovi, barabarani, na mizigo yao. Tena daktari alikuwa ameonya kwamba baridi ya njiani ni hatari kwake. Ndipo Cosmas aliposema gari lipo, Malimi ataendesha, hita ataifufua yeye.

"Na mimi kwa nini hamkuniambia?"

Mama akajibu mwenyewe, akipumzika katikati ya maneno. "Unanyonyesha, mwanangu. Habari kama hii ingekukausha maziwa. Nilimwapisha mkwe wangu."

Hilo kwetu kila mtu analijua. Mwenye mtoto mchanga haletewi habari ya kushtua.

Simoni akaanza kulia mgongoni.

"Mnyonyeshe," mama akasema.

"Hayatoki, mama. Yamekauka."

Akanishangaa. "Yamekaukaje, na sisi hatukukuambia?"

Ningemwambia nini mgonjwa? Kule kwenye tangi Cosmas aliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia.

Nikalitoa lile sweta chini ya kiti, nikamvalisha mama. Lilimkaa sawasawa. Nikaweka mkono kwenye tundu la hita, hewa ikaja ya moto. Nikalia hapohapo, kwa aibu na kwa hasira pamoja.

Mimi na Cosmas tulirudi na Noah. Tulipopita kijiji cha Zombo akanigeukia.

"Ulidhani ni nani?" akaniuliza.

"Mwembamba wa Makambako."

Akacheka mpaka akajifuta macho, halafu akaendelea kujifuta bila kucheka.

Mama alifika Njombe salama, na mpaka leo yuko kwenye dawa, ananenepa. Maziwa yalirudi taratibu, kwa uji wa ulezi. Kwa Upendo bado nanunua chapati, ushauri nimeacha.

Ndugu zangu, mwenye kunyonyesha mwambieni ukweli. Ugonjwa wa mama ningeulilia siku hiyohiyo, nikaenda kumuuguza. Kilichonikausha ni kile mlichonificha.