Karani Aliyevaa Shati la Mbebaji

Nakumbuka asubuhi ile waasi walipoingia Uvira, mwanangu. Nilikuwa kijana, mbebaji wa mizigo katika hoteli moja kando ya ziwa. Wageni wote walikuwa wamekimbia, isipokuwa Bwana Alfonsi, karani wa serikali kutoka Kasai. Siku zile waasi walimwua kila mtu wa serikali; ukarani peke yake ulitosha kukuua.

Alijificha katika chumba chetu cha kuwekea valizi, masanduku ya wageni. Nikamwambia mkubwa wetu wa kazi, Papa Kashindi, "Tumutoe. Hatumujue huyu muntu. Watatuua sisi wote."

Papa alinitazama kwa uchungu. "Weye ndiye ulimupokea valizi, ukamwambia karibu. Leo haumujue?"

Akavua shati lake la kazi, akamvalisha mgeni.

Waasi walifika, wakatuamuru tubebe magunia ya unga ya hoteli mpaka kwenye mashua yao. Tukabeba, sisi watatu. Karani aliyumba kama mlevi chini ya gunia, hata mpiganaji mmoja akamsimamisha.

"Onyesha mikono!"

Ilikuwa laini, mwanangu, mikono ya kushika kalamu. Yule mpiganaji akanielekezea mimi bunduki kifuani.

"Huyu iko nani?"

Nilihisi mkojo ukinitiririka mguuni.

"Mwenzetu," nikasema. "Alilala mugonjwa. Ndiyo kwanza amerudia kazi."

Alitutazama, akatema mate, akatuacha tupite. Ufukweni, wapiganaji walipokuwa wakigombania magunia, Papa alimsukuma karani kwa wavuvi waliokuwa jirani. Wakamlaza mtumbwini, wakamfunika nyavu, wakapiga makasia kuelekea Burundi. Sikumwona tena, ila wavuvi walirudi wakasema alishuka ng'ambo mzima.

Tulipofika hotelini Papa alikaa chini, akatapika. Nami nilidhani yeye haogopi!

"Minye niliogopa tangu asubuhi," akasema.

Basi, mwanangu, bunduki hazijaisha huku kwetu. Siku ukiulizwa juu ya mtu aliye mikononi mwako, usingoje woga uishe ndipo umtetee, hautaisha. Mtetee hivyo hivyo, huku ukiogopa.

Mungu akulinde ziwani na mlimani. Na siku utakapokuwa mgeni kwa watu, usikose wa kusimama upande wako.