Mashimo ya Ming'oko

Niliolewa Mtua nikitokea Nkowe, wakati matingatinga ya wazungu wa mashamba ya karanga yalikuwa yameshaanza kung'oa msitu wa upande wa Nachingwea. Hapo Mtua kilibaki kichaka kimoja, na humo ndimo wanawake walimochimba ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba kama vidole, vinavyochemshwa nusu siku na kuliwa kwa chumvi. Mwaka wa mavuno mema watu hawakukigusa sana. Kilikuwa akiba ya njaa.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kuchimba. Unafuata kamba ya mmea mpaka shinani, unafukua kwa muo, yaani mti uliochongwa ncha, unakata viazi, kisha kichwa cha shina unakirudisha shimoni na kukifukia ili kizae tena. Alinisimamia mpaka nilipofukia vizuri, kama mtu anayemfundisha mtoto kutawadha.

Mume wangu akapata kibarua kambini kwa wazungu. Siku moja aliniletea kipande cha chuma cha tingatinga bovu, kimenolewa ncha bapa. Nilikipenda kuliko kanga. Ardhi ya kiangazi iliyomtoa jasho mama mkwe, mimi niliikata kama ugali. Vibarua walikuwa wengi, wametoka mbali, nikawauzia ming'oko ya kuchemsha, na sufuria yangu haikurudi na kitu. Tamaa ikanishika. Kufukia kunachukua muda, nami nilikuwa nawahi kuchemsha, basi nikawa nang'oa shina zima na kuacha shimo wazi. Mama mkwe mguu ulimsumbua, hakuwa akienda kichakani. Nilijiambia kichaka ni kikubwa, lakini nilijua ninachofanya.

Kisha karanga zikawashinda wazungu, vibarua wakarudi makwao. Haukupita muda mvua zikachelewa, na nguruwe waliokosa msitu wakatumalizia mihogo. Wanawake tukaingia kichakani na vikapu, mama mkwe akichechemea mbele, mimi na mtoto mgongoni. Chuma nilikiacha nyumbani siku hiyo. Tulikuta mashimo kila mahali, na mashina yaliyokauka pembeni.

Mama mkwe aliinama juu ya shimo moja, akalitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema mbele ya wote kwamba hiyo ni kazi ya wageni wasiojua desturi. Mgeni kati yetu alikuwa mmoja tu, jirani yetu Mmakonde aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, mjane mwenye watoto watatu. Ndiye aliyenizalisha. Wanawake wenzangu walikubali upesi, maana mwenye njaa anataka mtu wa kumlaumu, na wakamkataza asikanyage tena humo. Mjane alichuchumaa, akapitisha kiganja ndani ya shimo, akaniangalia. Nikajifanya nambembeleza mtoto.

Siku chache baadaye alipita mlangoni kwangu, mzigo kichwani, watoto nyuma, wanaelekea Ruangwa kutafuta pa kukaa. Aliomba maji. Alipokwisha kunywa akanirudishia kata.

“Dada,” akasema, “muo wa mti hauachi ukuta wa shimo ulionyooka.”

Akaondoka. Nililia mpaka mama mkwe akatoka ndani na ungo wake kuuliza kuna nini. Nikamwambia yote: chuma, sufuria, mashimo. Nikamwomba tumfuate, nikaseme mbele ya watu. Alikuwa anapepeta mtama uliobaki, hata mikono haikusimama.

“Nilijua palepale, mwanangu,” akasema. “Ila yeye ni mgeni, na wewe umembeba mjukuu wangu.”

Sikumfuata. Ningeweza, hakuwa amefika mbali. Niliogopa kurudishwa Nkowe bila mtoto, na woga huo nimeishi nao muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume.

Njaa ilipopita nilikwenda kwetu Nkowe, nikaomba vichwa vya ming'oko, nikavifukia kwenye mashimo yangu, kimoja kimoja. Vingi vilioza. Vichache vilivyoota vilitambaa vizuri mvua zilizofuata, na wanawake wakafurahi sana kuviona. Mmoja wao akamshukuru Mungu kwamba tangu yule Mmakonde aondoke, kichaka kimeanza kupona. Mama mkwe akaitikia amina, na mimi nikaitikia.