Limiti ya Dévote

Sitaki kumsifu Dévote, lakini ukinitaka nieleze maisha yake sina njia nyingine. Alizaliwa Carama, binti wa mkulima wa nyanya, akasoma kwenye shule yetu hapa Gasenyi, akija kwa miguu, viatu mkononi mvua ikinyesha. Hesabu nilimfundisha mimi. Miaka kumi na miwili baadaye akarudi kama mwalimu, tukagawana chumba cha walimu, na tangu hapo sikupata raha.

Watoto walimpenda. Walicheka katika somo lake na bado wakafaulu. Chema chajiuza, najua, lakini nani alimfundisha kuuza? Niseme wazi: nilimwonea wivu.

Mwezi wa sita mkuu wetu wa shule, Libère, alitaka kumpa mmoja wetu darasa la mwisho, lile la mtihani wa Serikali. Nimelisubiri darasa hilo miaka kumi na tisa. Akaamua kila mmoja afundishe somo moja mbele ya wanafunzi watakaopanda, mwenzake akisikiliza. Langu lilipita salama, watoto wakipiga miayo. Dévote akachagua limiti ya fonksioni, yaani namba ambayo kanuni ya x inaikaribia; yake ilikuwa ya vipande: kabla ya mbili, x jumlisha moja; baada ya mbili, x mara mbili kutoa moja; kwenye mbili yenyewe, tano. Akaifunika ile tano kwa kiganja.

"Musiangalie kwenye imesimama," akawaambia. "Muangalie kwenye inaelekea."

Kutoka kushoto ilielekea tatu, kutoka kulia tatu. Akaondoa kiganja, akaandika: limiti ni tatu. Kufunika kwa kiganja nilianzisha mimi, jamani, na kwake kulipendeza zaidi.

Nikaona tano ubaoni, nikaona jibu tatu, na furaha ikanisimamisha kabla ya akili.

"Apana," nikasema. "Kwenye mbili ni tano. Limiti ni tano. Dévote amekosea."

Nilikuwa sijakaa nilipokumbuka kwamba ile tano haihesabiwi kwenye limiti. Hilo ni kosa la wiki ya kwanza; nimelikata kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu miaka yote hii.

Dévote hakukasirika. "Mwalimu," akasema polepole, "ni weye ulinifundishaka ivi."

Libère alisomea Kifaransa, si hesabu. Akanigeukia. "Ilias, weye ni mukubwa, mi naamini neno yako. Ni tatu ao ni tano?"

Dévote alinitazama kama mtu anayekushikia mlango. Nikasema tano.

Darasa nikapewa. Yeye amebaki na wadogo, na bado namwonea wivu, maana juzi nimemsikia akiimba akisahihisha. Wiki ijayo tunafika kwenye limiti. Mtihani wa Serikali haujui ukubwa wangu, kwa hiyo nitaandika tatu, mbele ya wanafunzi thelathini na wanane waliokuwepo siku ile.